Aliyemwangusha Kaka Yangu

Mama yangu alikuwa na maadui wawili tu duniani: nyani waliomaliza mahindi yake, na Elkanah Wasuna. Nyani aliwasamehe kila baada ya mavuno. Elkanah hakumsamehe kamwe, kwa sababu kila mahali promota Clifford alipoandaa mieleka, iwe Migori, Rongo au Homa Bay, Elkanah alimbeba kaka yangu Machuki juu ya kichwa, akamzungusha watu wakipiga mayowe, kisha akambwaga chini. Machuki ndiye kifungua mimba wa Mama. Habari zilimfikia kesho yake sokoni akiwa amekaa nyuma ya mafungu yake ya nyanya, na wateja wa siku hiyo walikiona cha mtema kuni.

Na mimi Bhoke, binti yake wa pekee, nilikuwa nampenda huyo huyo Elkanah. Sitazungukazunguka. Nilimpenda hadi nikisikia mtu akiitwa Elkanah mtaani, hata awe kinyozi mzee, moyo ulikuwa unashtuka.

Pasaka ya mwaka ule wa tisini na sita alimtuma shangazi yake, Mellen, alete neno nyumbani kwetu. Mama alimkaribisha vizuri, akampa chai na viazi, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamjibu.

"Mwambie hivi. Siku Machuki atamlaza chini, mgongo yake iguse hapo, aje tuongee. Kabla ya hiyo siku, hapana."

Shangazi Mellen alimaliza chai yake akaondoka. Nililia siku hiyo, tena si kidogo.

Kulikuwa na jambo ambalo Mama hakulijua. Machuki na Elkanah walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Walilala chumba kimoja safarini, walikula samaki kwenye sahani moja, na mmoja akiumwa jino mwingine ndiye aliyemsindikiza kung'olewa. Clifford, mwenye mieleka, ndiye aliyewaapisha wasionekane pamoja. "Adui ulingoni, adui mpaka kwa kinyozi," alikuwa akiwaambia, kwa sababu siku watu watakapojua kwamba wanapendana, nani atatoka kwake kuja kutazama? Mieleka ile ilipangwa. Aliyeshinda alijulikana kabla ngoma haijalia. Elkanah mwenyewe alinieleza siri yake: mtu mzima wa uzito ule habebwi asipotaka. Anayebebwa ndiye anayeruka, na anayebeba anamwongoza tu hewani. "Kazi yote ni ya anayeanguka," aliniambia, na nikajua ni namna yake ya kumsifu kaka yangu.

Mbona hatukumwambia Mama? Mumjue kwanza Mama yangu. Ukimwambia jambo asubuhi, kufika saa sita linauzwa sokoni pamoja na nyanya.

Basi Ijumaa moja, siku moja kabla ya mieleka kubwa ya Homa Bay, Elkanah alikuja kuchukua vazi lake jipya. Mimi nilikuwa fundi wa cherehani kwenye baraza ya duka la vitambaa la Abdullahi, pale Migori mjini, na mimi ndiye niliyewashonea wote wawili. Vazi la Machuki lilikuwa jekundu. La Elkanah lilikuwa la buluu lenye samaki kifuani, maana jina lake la ulingoni lilikuwa Mbuta. Ilikuwa nafasi yetu pekee ya kuonana mchana kweupe bila maneno ya watu. Nani atauliza mteja anatafuta nini kwa fundi wake?

"Fundi, habari ya kazi," alisema kwa sauti yake ya mteja.

"Nzuri, Mbuta. Panda tukupime."

Ngazi za baraza ile ni chache, hata watoto huzipanda wakiruka. Elkanah alizipanda akafika juu, akashika nguzo, akabaki pale akitabasamu huku kifua kikipanda na kushuka. Siku zote aliponitazama kwa macho yale, mimi ndiye niliyekosa pumzi. Leo alikuwa yeye.

"Kaa," nikamwambia.

"Niko sawa."

"Sijauliza kama uko sawa. Nimesema kaa."

Akakaa kwenye stuli. Nilichukua tepu nikampima bega, kifua na kiuno, nikachukua muda kwenye bega kuliko kazi ilivyohitaji. Alikuwa ananukia sabuni ya kipande na jua. Akageuza uso kidogo, shavu lake likagusa mkono wangu, na hakuna aliyeutoa.

Kutoka ndani Abdullahi akakohoa. "Bhoke, huyo mteja anapimwa mara ngapi? Hata suti ya harusi haipimwi hivyo."

"Ana mwili mgumu, Mzee Abdullahi."

"Naona. Basi mpime huo mwili mgumu, lakini mashine nayo isipoe."

Tulicheka kimyakimya. Kisha nikainama kumpima mguu, na kicheko kikaniishia. Mikanda ya sandali zake ilikuwa imezama kwenye nyama. Nilibonyeza juu ya kifundo cha mguu kwa kidole, na nilipokiondoa, pakabaki shimo.

"Hii ni nini, Elkanah?"

"Ni kusimama sana tu."

"Machuki pia anasimama. Miguu yake iko sawa."

Alitazama barabarani, ambako mwanamke mmoja alikuwa anabishana na mwenye mkokoteni. Alimtazama kwa muda mrefu mno.

"Ukilia nitaacha kusema," akaniambia.

"Naapa sitalia. Sema."

"Ni moyo. Kuna kilango ndani, haifungi vizuri. Damu inarudi nyuma. Daktari huko Kisumu aliniambia tangu mwaka jana niache mieleka. Ninameza dawa. Ninadungwa sindano kila mwezi. Alisema nikipumzika nitakaa siku nyingi. Nikiendelea, hakusema nini, aliniangalia tu." Akajaribu kutabasamu. "Machuki anajua."

"Machuki anajua, na mimi sijui."

"Yeye ilibidi ajue. Ukiona amenikaba shingo kwa muda mrefu, watu wanapiga kelele wanafikiri ananimaliza, ananipumzisha. Anakuwa ananiambia kwa sikio, pumua, omera, pumua pole pole."

Omera ni ndugu kwa Kijaluo. Kaka yangu, Mkuria ambaye hajui kusalimia vizuri hata kwa Kiswahili, alikuwa amejifunza neno hilo kwa ajili yake. Nilitaka kulia lakini nilikuwa nimeshakula kiapo, kwa hiyo nikakasirika.

"Na kesho Homa Bay unaenda kufanya nini?"

"Kutetea mkanda."

"Kwa miguu hii?"

"Bhoke, Baba anakuja. Anavuka kutoka Mfangano na watu wa kwetu, boti nzima. Hajawahi kuniona nikipigana."

Mzee Wasuna nilimjua kwa sifa tu, kama wote tulivyomjua. Katika ujana wake alipigana mieleka ya mchangani, ile ya kweli isiyopangwa, kisiwa kwa kisiwa, na hakuna aliyewahi kumlaza. Yeye aliamini kwamba mwanawe alikuwa akifanya kazi ile ile. Katika nyumba yake kulikuwa na msemo: mgongo wa mtu wetu haujui mchanga.

"Basi mwambie unaumwa."

"Mimi ndiye wa kwanza kwa hiyo boma. Mtoto wa kwanza ni ukuta. Ukuta ukisema inaumwa, nani ataiegemea?"

"Basi usimwambie. Anguka."

Aliniangalia.

"Anguka kesho," nikarudia. "Kama hamtaki kusema, basi fanyeni kazi yenu. Machuki akulaze, achukue mkanda. Clifford hatakuuliza tena kwa nini unatoka, maana bingwa aliyeangushwa ana haki ya kwenda nyumbani. Utapumzika. Na Mama alisema mwenyewe, siku utakapolala chini uje muongee. Elkanah, ni mweleka mmoja tu."

"Mbele ya Baba?"

"Mbele ya yeyote."

"Wewe hujui unachoniomba."

"Najua. Nakuomba uishi." Nikaanza kuviringisha tepu mkononi. "Lakini naona unamwogopa baba yako kuliko unavyonipenda."

Hakupandisha sauti. Elkanah hakuwa mtu wa kupandisha sauti, na hilo ndilo lililonifanya nitamani kumrushia mkasi.

"Nampenda baba yangu," alisema. "Nakupenda wewe. Sijui nani alikuambia niwaweke kwa mizani."

Akachukua vazi lake, akalikunja taratibu, akashuka ngazi. Chini akageuka.

"Kesho usikae mbele, Bhoke."

"Nitakaa mbele."

Jioni ile nilirudi nyumbani nikiwa na mpango wa kumdanganya Mama kwamba naenda Homa Bay kununua uzi. Nilimkuta anapiga pasi gauni lake la kanisani.

"Kesho na mimi naenda," akasema bila kuinua macho. "Miaka yote nasikia tu. Nataka huyo Mjaluo aniangalie kwa macho akimwangusha mtoto wangu."

Uwanja wa Homa Bay ulijaa mpaka watu wakapanda juu ya ukuta. Ulingo ulikuwa wa mbao, juu yake yametandazwa magunia yaliyojazwa vumbi la mbao, na kamba nyeupe zimezungushwa pande zote. Upande wa kushoto walikaa watu wa Mfangano. Hakuna aliyenionyesha Mzee Wasuna, nilimjua mwenyewe. Alikuwa mrefu, amevaa koti la sufu katika jua lile, mikono miwili juu ya fimbo, na Elkanah alikuwa amechukua mabega yake yote. Moyo wangu ukamhurumia kabla sijakumbuka kwamba nilikuwa nimemkasirikia.

Clifford alishika kipaza sauti akaita majina. Machuki, Radi ya Isebania, akapanda watu wakimzomea. Kisha Elkanah akapanda, na uwanja ukasimama.

"Ndiye yule?" Mama akaniuliza.

"Ndiye."

Alimtazama kutoka juu mpaka chini. "Mbona amekonda? Nilifikiri ni jitu."

Walianza. Nilikuwa nimewaona mara nyingi na nilijua kila hatua, lakini siku hiyo sikuona mieleka. Nilikuwa natazama kifua kimoja tu. Elkanah alimsukuma Machuki kwenye kamba, watu wakashangilia. Machuki akamkaba shingo kwa nyuma, akamshusha chini kwa magoti, akamkalia hivyo kwa muda mrefu.

"Amemshika vizuri," Mama alisema, ngumi zake zimekazwa. "Kaza hapo, mwanangu. Kaza."

Niliiona midomo ya Machuki ikicheza karibu na sikio la Elkanah. Nikajua ilikuwa inasema nini, nami nikajikuta napumua nao, pole pole, kana kwamba pumzi yangu ingemsaidia.

Walipoinuka, ilikuwa zamu ya Elkanah kumbeba Machuki. Ndivyo ilivyopangwa na ndivyo boti nzima ya Mfangano ilivyokuja kuona. Alimkumbatia kiunoni. Hakumwinua. Alibaki amemkumbatia, kidevu juu ya bega lake, midomo imepauka, akamnong'oneza neno. Machuki akatikisa kichwa. Akamnong'oneza tena. Machuki akatikisa kichwa kwa nguvu zaidi, na watu wakaanza kupiga miluzi kwa kuchoka kusubiri.

Elkanah akainua macho. Alitazama upande wa baba yake, kisha akanitafuta mimi mbele pale nilipokuwa nimekaa kwa ukaidi wangu. Nitasema ukweli. Wakati ule sikutaka tena aanguke kwa ajili ya Mama wala kwa ajili ya ndoa. Nilitaka tu amalize, akae chini, apumue.

Mikono ya Machuki ikashuka ikamshika kiunoni. Na mimi niliyejua siri ya kazi ile nikaitazama miguu ya Elkanah, nikaiona ikikunja magoti, ikaruka. Aliruka mwenyewe kwenda juu, mbele ya baba yake na watu wa kwao wote, akampa kaka yangu uzito wake, na kaka yangu akamleta chini. Mgongo ukagusa magunia.

Mama peke yake ndiye aliyesimama akapiga kigelegele, kimoja kirefu cha miaka yote aliyosubiri. Alianza cha pili kikamkwama. Akakaa polepole.

"Bhoke. Umeona?"

"Nimeona, Mama. Machuki ameshinda."

"Sisemi hiyo. Machuki ameweka mkono chini ya kichwa yake asiumie." Alinigeukia. "Na bado hajautoa. Mtu hawekei adui mkono."

Lakini Elkanah hakuwa akiinuka. Machuki alikuwa amepiga magoti kando yake, mkanda umetupwa pale, Clifford anamwita ainue mkono ashangiliwe, naye hamsikii. Alimwinua Elkanah akamwekea bega, wakashuka pamoja, Radi na Mbuta, na siri yote ya Clifford ikaishia hapo mbele ya watu.

Walikuwa wamepewa stoo ya uwanja kubadilishia nguo, chumba chenye nyavu za goli na harufu ya chokaa. Nilipofika, Elkanah alikuwa amelala kwenye benchi, koti la Machuki chini ya kichwa. Rangi ilikuwa imeanza kumrudia. Machuki alikuwa anampepea kwa kipande cha katoni na machozi yakimtoka bila aibu. Nilipiga magoti nikaushika mkono wa Elkanah. Ulikuwa wa baridi, lakini nao ulinishika.

"Nilikuambia usikae mbele," alisema.

"Na mimi nilikuambia nitakaa."

Mama aliingia nyuma yangu. Alisimama mlangoni akatutazama wote watatu, mmoja baada ya mwingine.

"Machuki. Huyu ni nani wako?"

"Ni rafiki yangu, Mama."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Tangu mwanzo," Mama akarudia. "Na mimi kila Ijumaa nafunga, namwomba Mungu amvunje mguu."

"Mama, tafadhali."

"Nimefunga, Machuki. Njaa nilisikia mimi."

Elkanah alipotambua aliyeingia alihangaika kuinuka, akitafuta kitu cha kujifunika kifua. Kwao Wajaluo, na kwetu Wakuria pia, mwanamume na mama wa mke wake hawaonani hovyo. Kuna umbali unaowekwa, na nguo ni ya lazima. Machuki akamsukuma arudi chini. Mama alimtazama akihangaika vile, na nikaona uso wake ukibadilika taratibu. Akafungua leso yake begani, akageuza uso pembeni, akainyoosha kwa mkono mmoja mpaka ikamfikia.

"Jifunike," alisema akitazama ukuta. "Mimi si mtu wa kukuona hivi."

Machuki akaacha kupepea. Sote tuliokuwa mle tulijua ni nani tu anayeweza kumwambia mwanamume maneno hayo.

Nilikuwa bado sijaamini masikio yangu Mzee Wasuna alipoinama kuingia mlangoni. Alikuwa mrefu kuliko nilivyodhani. Hakumsalimu mtu.

"Wewe ndiye Machuki?"

"Ndiyo, Mzee."

"Hukumwangusha." Kiswahili chake kilikuwa cha polepole, kila neno limewekwa mahali pake. "Mimi nimelaza wanaume tangu mama yako hajaolewa. Mtu akiangushwa, mguu inatafuta ardhi. Ya huyu iliacha ardhi yenyewe." Akamgeukia mwanawe. "Uliruka, nyathina, mwanangu. Nani alikununua?"

"Hakuna mtu, Baba."

"Basi kwa nini?"

Nilifungua mdomo niseme. Mama akanifinya mkono, na alinifinya vizuri. Alijua kabla yangu kwamba neno lile lilikuwa la mtoto kwa baba yake, na mwingine hakuruhusiwa kulisema.

Elkanah aliketi, leso ya Mama imemfunika mabega. Aliwatazama watu wote mle ndani kabla ya kumtazama baba yake.

"Ninaumwa, Baba. Ni moyo. Siwezi tena."

"Tangu lini?"

"Daktari anasema ilianza nikiwa mdogo. Zile homa. Ile wakati magoti yangu ilikuwa inavimba."

Nje Clifford alikuwa anawabembeleza watu warudi kwenye viti, na sauti yake ilikuwa inatufikia ikikatika.

"Yale magoti," Mzee akasema.

"Ndiyo."

"Nikasema ni uvivu."

"Ulisema hivyo, Baba."

"Nikakukimbiza mchangani kila asubuhi. Ukilia nakuongezea."

"Hukujua, Baba."

"Mimi ni baba yako. Kujua ilikuwa kazi yangu."

Alilaza fimbo yake sakafuni. Kisha yule mzee ambaye hakuna aliyewahi kumshusha akashuka mwenyewe, goti moja, halafu la pili, akaanza kufungua kamba za buti za mwanawe. Vidole vyake havikuwa vyepesi. Alipoivua ya kwanza, alama za kamba zilikuwa zimechoreka kwenye mguu uliovimba, naye akaushika mguu ule mikononi mwake akaukanda taratibu, kama mama anavyomkanda mtoto mchanga. Elkanah alifunika uso kwa leso, na mabega yake yakatikisika. Nami kiapo changu cha kutolia kikaishia hapo.

Baada ya muda Mzee alimtazama Mama yangu kutoka pale chini.

"Wewe ndiye mama wa huyu kijana?"

"Ndimi."

"Una mtoto mzuri. Nilimwona amemweka wangu chini na mkono chini ya kichwa." Akafuta uso kwa mkono wa koti. "Nilisikia mwanangu alituma mtu kwako."

"Alituma."

"Ukasema nini?"

"Nilisema hapana." Mama alinyoosha gauni lake la kanisani ambalo halikuwa na mkunjo wowote. "Nilimkataa juu ya nguvu yake, Mzee. Sasa leo nikimkataa tena juu ya ugonjwa, mimi nitakuwa mtu wa aina gani? Lakini sikia. Anayeolewa si mimi. Muulizeni mwenyewe, na mumwambie yote."

Wote wakanitazama.

Elkanah alishusha leso usoni. Macho yake yalikuwa mekundu na mazuri kupita nilivyowahi kuyaona.

"Bhoke, sina mkanda," alisema. "Kazi nyingine sijui. Labda nitafundisha wengine kuanguka. Kubeba gunia siwezi, kulima siku nzima siwezi. Dawa ni ya kila siku."

"Nimesikia."

"Na kuna kitu hujasikia. Nilimuuliza daktari nitaishi muda gani. Hakuniambia."

Ningeweza kumjibu maneno matamu. Nilikuwa nayo mengi, nimeyaweka tangu Pasaka. Lakini nilimtazama mwanamume yule aliyeruka mwenyewe mbele ya ukoo wake wote, nikampenda kiasi cha kushindwa kuwa mpole.

"Na mimi, Elkanah," nikamuuliza, "ni nani aliyeniambia nitaishi muda gani?"

Nikasogeza koti la Machuki pembeni, nikakaa pale kwenye benchi, bega langu likagusa bega lake, mbele ya baba yake na mama yangu, na hakuna aliyeniambia nisogee.